Nilivyochoma vijiti vya nira ya dada yangu nikijifunza bushcraft Kishapu

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya ninayoyaandika yametokea kweli, tena msimu huu huu wa mvua. Aliyetendewa yuko hai, ana simu janja, na huwa anapita humu kusoma bila kuchangia. Nikitia chumvi atanipigia kabla hamjafika mwisho wa uzi. Kwa hiyo nitasimulia kama ilivyokuwa, hata pale ambapo mimi mwenyewe natoka vibaya. Ni pengi.

Mimi ni mtu wa makamo, naishi Shinyanga mjini. Chuo nilisoma, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kazi yangu ni kuandika makala, maana yake ni kwamba nakaa. Nakaa asubuhi, nakaa mchana, na nikichoka kukaa nahamia kiti kingine.

Mwaka huu nikaingiwa na kitu ambacho hadi leo sijui jina lake.

Siyo ugonjwa, nilipima. Siyo mapenzi, umri umeenda. Ni mikono tu, haitulii. Mezani navunja njiti za kiberiti. Kanisani nafinyanga karatasi ya matangazo mpaka inakuwa gololi. Nikitazama mpira nachambua uzi wa zulia. Mke wangu, Mama Neema, akaniambia nitafute shughuli kabla sijammalizia vitu vya ndani.

Ndipo nikakutana na video za bushcraft.

Kwa wasiojua: bushcraft ni mchezo wa watu wenye jiko la gesi nyumbani, wanaoingia porini kwa hiari yao kuishi kama alivyoishi bibi yangu, ila wao wanavaa nguo za bei mbaya. Mzungu mmoja mwenye ndevu anakaa kwenye theluji, anachomoa kisu kidogo, anachonga kijiko. Haongei. Unasikia kisu kinavyokula mti, krr, krr. Nilitazama video ya kwanza, nikashtuka imeshafika jioni.

Nikanunua kisu.

Nisikilizeni hapa, maana wengi mnakosea. Kisu cha kuchongea si cha kukunja. Cha kukunja kina kiungo, na kiungo kikilegea kinakufungia vidole. Unataka kisu cha ala, kipande kimoja, chuma kinaingia kwenye mpini na kupita hadi mwisho wake. Na kiwe kidogo. Bapa lisizidi upana wa kiganja chako. Kisu kikubwa kinakupa ushujaa usioweza kuuhudumia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kijiko. Nilikata tawi la mwarobaini ulioko uani, kwa sababu ulikuwa karibu na mimi nilikuwa na haraka. Nikachonga, nikasugua kwa msasa, nikapaka mafuta ya alizeti, nikampelekea Mama Neema kama zawadi. Akakorogea uji, akaonja, akaniangalia.

"Baba Neema, hiki ni cha kutibu malaria."

Mti mzima ni mchungu, wakuu. Majani, gome, hadi kiini. Kila mtoto wa Tanzania anajua hilo, na mimi nilijua pia. Sijui kwa nini nilidhani kijiko kingesamehewa.

Kazi ya pili ilikuwa mwiko. Nisiuzungumzie.

Ya tatu ilikuwa dole gumba langu. Nikajifunza kwamba kisu kinasukumwa kwenda mbele, mbali na mwili, na dole gumba la mkono wa pili ndilo linalosukuma mgongo wa bapa. Nguvu inatoka kwenye dole, haitoki begani. Begani inatoka ajali.

Baada ya hapo nikapanda darasa. Nikaanza kufanya kile wanachokiita feather stick. Unachukua kijiti kikavu, unakikwangua kwa urefu, nyembamba sana, lakini kabla kikwangu hakijadondoka unasimama. Unakiacha kinaning'inia, kimejikunja. Unarudia na kurudia mpaka kijiti kinaonekana kama kuku aliyenyeshewa. Kinashika moto kwa njiti moja hata kama kuni nyingine zina unyevu.

Najua mnachotaka kuuliza. Shinyanga hii, ambapo kiangazi ukidondosha kipisi cha sigara nusu ya kata inawaka, kijiti cha kubembeleza moto ni cha nini?

Mikono ilikuwa imepata kazi, basi.

Sasa tuje kwa dada yangu.

Dada yangu mkubwa anaitwa Kabula, wengi wanamwita Mama Shija. Ameolewa Kishapu, ndani ndani, unaacha lami kwenye njia ya Mwadui halafu unakabidhi mgongo wako kwa bodaboda. Yeye na mumewe, Maduhu, walikuwa na maksai wawili, plau, nira, na shamba zuri la udongo mweusi wa mbuga. Pamba, mtama, na dengu mvua zikiisha.

Halafu mwaka juzi Maduhu akasikia habari za dhahabu ya Rwamgasa.

Hakuna haja ya kuwaeleza watu wa kanda hii. Rafiki wa rafiki amepata. Maduhu akauza maksai wote wawili, akaingia duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, na wenzake, na tangu hapo kila akipiga simu neno ni moja: tumekaribia mwamba. Simjui mchimbaji aliyewahi kupiga simu akasema wako mbali na mwamba.

Baadaye akaanza na neno la pili. Funga nyumba, uje. Huku mama ntilie wanahitajika, wachimbaji wanakula kuliko ng'ombe. Watoto watasoma huku huku.

Dada hakukubali, wala hakukataa. Ila aliniambia kwenye simu, kwa sauti kavu ambayo naijua tangu utoto:

"Nikilima msimu huu, nabaki. Nisipolima, nitakula nini hapa? Nafunga mlango naenda kuwapikia."

Nilimuelewa. Mtu hawezi kulinda nyumba kwa njaa. Lakini pia nilijua mji ukifungwa kule, ukirudi unakuta mchwa wamehamia na jirani amesogeza mpaka.

Sasa, udongo wa mbuga una tabia yake. Mvua ikinyesha sana unanata kama gundi, ng'ombe wanazama. Ukikauka unakuwa saruji. Katikati hapo kuna upenyo mdogo wa kulima, na kila mtu kijijini anautaka upenyo huo huo. Ndiyo maana wasio na ng'ombe wanaenda kwa zamu.

Zamu ya dada ilikuwa kwa Mzee Mabula, jirani yake. Mzee ana jozi mbili. Moja inalima kwake na plau lake na nira yake. Ya pili anaizungusha kwa watu, ng'ombe watupu, vifaa ujitegemee. Asubuhi moja kila mmoja. Jua likipanda, ng'ombe wanatolewa, wanakunywa maji, wanapumzika, kesho wanaenda kwa mwingine. Ukichelewa kuanza umekula muda wako. Huli wa mwenzako.

Mvua ilipotua, dada akanipigia. Watoto wako shule, anahitaji mtu wa kutangulia mbele kuwaongoza ng'ombe yeye akiwa ameshika plau. Kama zile makala zinaweza kusubiri, nije.

Makala hazijawahi kumkimbia mtu. Nikafunga ala kwenye mkanda, nikaondoka.

Nilifika alasiri, nimelowa, mgongo unadai haki zake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, profesa." Ameniita hivyo tangu nianze chuo, na hajawahi kumaanisha. Akaangalia kiunoni. "Hicho ni cha nini? Cha kuchunia panya?"

Nikamweleza kuhusu bushcraft. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa uvumilivu wote wa mtu anayesikiliza ndoto za mwenzake.

"Kwa hiyo wanalala porini na nyumba wanayo?"

"Ndiyo."

"Na wake zao wanawaacha?"

Jioni ile akatoka kwenda kumalizana na Mzee Mabula mambo ya asubuhi na kuazima mnyororo wa plau. Akaniacha na kazi moja: niwashe moto wa ugali.

Wakuu, manyunyu yalikuwa yamepita. Kuni za nje zilikuwa zimelowa. Dada angekuwepo angemwagia mafuta ya taa kidogo na habari ingeisha. Lakini mimi niliposimama kwenye lile jiko la nje nilihisi kwamba maisha yangu yote yalikuwa yananiandaa kwa wakati ule. Kuni mbichi. Kisu. Mwanaume.

Nikatafuta kijiti kikavu. Nikaangalia chini, hakuna. Nikaangalia juu.

Juu ya mafiga, zimechomekwa kwenye fito za paa, kulikuwa na fimbo fupi nne nyeusi kwa moshi. Nikachomoa moja. Kavu kama mfupa. Nzito, nyuzi zimenyooka, imejipinda kidogo, na karibu na ncha ina kikwaruzo kama cha panya. Nikasema moyoni, huyu dada yangu ni hazina, anakausha kuni za kuwashia!

Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kukwangua. Ulikuwa mti mgumu, lakini ulikuwa unatoa vikwangu ambavyo mwarobaini haukuwahi kunipa. Virefu, vimejikunja, vinang'aa kwa ndani rangi ya asali. Nikamaliza cha kwanza, nikachukua cha pili. Nikachukua cha tatu. Nikasimamisha simu kwenye sufuria nikajirekodi.

Moto uliwaka kwa njiti moja.

Dada aliporudi akakuta maji yanachemka. Akasema, "Leo umenishangaza." Tukala ugali na mlenda, nikaenda kulala nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu nikabidhiwe cheti.

Asubuhi Mzee Mabula akaja na ng'ombe. Majina yao Dereva na Konda. Dereva mkubwa, mweusi, shingo kama gogo. Konda mwekundu, mwembamba, anaangalia pembeni kama anatafuta abiria.

"Mwangaluka," Mzee akasalimia.

"Mwangaluka, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?" Kule kila aliyesoma ni mwalimu, nilishaacha kubisha.

Dada akateremsha nira kutoka kwenye ghala. Ambao hamjawahi kuiona: nira ni gogo refu linalolala juu ya shingo za ng'ombe wawili. Lina matundu manne, mawili kwa kila ng'ombe. Kwenye matundu wanashusha vijiti, kimoja huku na kimoja kule, shingo inakaa katikati. Kisha ukanda unapita chini ya koo, unafungwa kwenye mkato wa kila kijiti. Bila vile vijiti nira ni gogo tu. Ng'ombe anainamisha kichwa anaondoka zake.

Dada akaingia jikoni kuchukua vijiti vyake.

Akachelewa kidogo. Akatoka na kimoja.

"Profesa."

"Naam, dada."

"Juu ya moto palikuwa na vijiti vinne. Huwa naviweka pale moshi uvikaushe visiliwe na wadudu."

Nikakitazama kile alichoshika. Kile kikwaruzo cha panya. Ule mpindo.

"Vingine viko wapi?"

Nilitafuta sentensi nzuri. Nimeishi kwa kutafuta sentensi nzuri. Ikaja hii:

"Tulivilia ugali jana."

Mzee Mabula hakucheka. Ningependa angecheka. Aliangalia jua, akaangalia mti mmoja upande wa mashariki, akasema polepole, "Mama Shija, jua likivuka ule mti natoa ng'ombe wangu. Kesho ni kwa Limbu. Unajua."

"Najua, Mzee."

Dada hakunifokea. Hata hakuniangalia. Alikaa kwenye fremu ya plau, akatoa simu kwenye kitenge, akaiangalia tu. Haikuwa imeita. Alikuwa anaiangalia kama mtu anayeangalia mlango.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilijua ni nani angepigiwa, na nilijua angeambiwa nini.

"Dada, usipige. Nipe panga."

"Uende wapi?"

"Nikakate mti. Nachonga sasa hivi."

"Na hicho kisu cha panya?"

"Na hiki hiki."

Mkole, ule mti wa kuchongea pinde na fimbo, uliokuwa karibu ulikuwa ndani ya ngitili ya Mzee, lile eneo analolifunga nyasi ziote kwa ajili ya kiangazi. Huwezi kuingia kukata bila ruhusa, wanakijiji watakukalisha kikao. Nikamwomba pale pale, kwa adabu zote. Akanijibu bila kugeuka: "Kata tawi, usikate kichwa. Na usiwashe moto."

Nilistahili.

Nikakimbia, wakuu. Mwanaume wa umri wangu, suruali imekunjwa, panga mkononi, kisu kinapigapiga pajani. Matope ya mbuga yanashika viatu hadi kila kiatu kinakuwa na uzito wa tofali. Nikavivua nikaviacha njiani. Nikakata matawi mawili yaliyonyooka, nikayaburuta hadi uani, nikakaa chini.

Panga lilifanya sehemu kubwa ya kazi, nakiri. Kukata urefu, kutoa gome, kupunguza unene. Kisu kidogo kilikuja pale panga linapokuwa jinga: kuchonga kichwa cha kijiti kisipenye kwenye tundu, kulainisha upande unaogusa shingo ya ng'ombe, na kuchimba ule mkato wa ukanda.

Mti mbichi unachongeka kama muhogo. Nilikuwa naenda vizuri. Dole gumba mgongoni mwa bapa, mbele, mbali na mwili. Dada alikuwa amesimama juu yangu na kivuli chake kinatikisika. Mzee alikuwa anasafisha kwato za Konda, mara kwa mara anatupa neno.

"Mwalimu, unachonga nira au sanamu ya kanisani?"

"Nakaribia, Mzee."

"Hata Maduhu amekaribia."

Dada akacheka kidogo kwa pua. Neno la Mzee lilinichoma, lakini nilishukuru. Alikuwa ameirudisha simu kwenye kitenge.

Nikamaliza vitatu. Tukachomeka, tukafunga, tukaingia shambani. Mimi mbele nimeshika kamba, dada nyuma ameshika plau. Akapiga mluzi. Dereva akavuta.

Tukaenda hatua chache tu. Nikasikia ta! Kama tawi linalovunjika, na ndivyo ilivyokuwa. Kijiti cha upande wa Dereva kilikatika pale pale kwenye mkato. Nira ikalala upande, Konda akaona ameachiwa huru akaanza kuelekea nyumbani na plau likimfuata.

Baada ya kumshika, nilikaa kwenye tope na vipande viwili mkononi, ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimechonga mkato kama wanavyochonga kwenye video: umeingia ndani, kona kali, umesafishika, unapendeza kwenye picha. Kwenye kona kali ndipo nyuzi za mti zinapoachiana. Nikakiangalia kile kijiti cha zamani kilichosalia. Mkato wake haukuwa na kona. Ulikuwa bonde tu, jembamba, la duara, limelala kwa urefu. Ndiyo maana jana nilidhani ni kazi ya panya.

Nikachonga upya. Badala ya kile kilichovunjika nikatoa kingine kwenye tawi lililobaki, na mikato ya vingine viwili nikaifuta kona zake kwa ncha ya kisu, hapo hapo shambani, magoti kwenye tope. Sikuwa nimewahi kuchonga bila kufikiria ninavyoonekana. Siku ile nilichonga hivyo. Kisu kilikuwa kinateleza kwa matope na jasho, nikakifutia kwenye shati, shati jeupe, Mama Neema atasoma hapa.

Jua lilikuwa linapanda kama limetumwa.

Tulipoanza tena, vijiti vilikaa. Nawaambia, mlio wa plau kwenye udongo wa mbuga uliofika kiasi chake ni mlio wa kitambaa kinachochanika. Udongo unageuka mweusi, unang'aa, korongo wanashuka nyuma yenu kuokota. Mimi mbele navuta, Dereva ananipumulia mgongoni, dada nyuma anafoka, "Nyoosha! Profesa, nyoosha! Unalima barabara ya kwenda wapi?"

Mistari yangu ilikuwa ya aibu, ilikwenda kama maji ya bomba lililopasuka. Lakini ilikuwa mistari.

Tukafika kwenye kichuguu kilichoko katikati ya shamba. Tukapinda. Tukarudi. Tukaanza mstari mwingine, na tulikuwa katikati yake Mzee Mabula aliposimama mbele ya ng'ombe akanyoosha mkono.

Jua lilikuwa limevuka mti.

"Mzee," nikasema, "tumalizie huu tu."

Akawa ameshaanza kufungua ukanda.

"Mzee wangu, kosa lilikuwa langu, siyo la dada. Tuongezee kidogo tu, nakuomba."

"Mwache," dada akasema.

"Dada, nusu nzima bado haijaguswa."

"Mwache, nimesema. Mwaka jana Limbu aliomba hivi hivi, na mimi ndiye niliyekuwa nafuata. Mzee alimkatalia. Ningekuwa na sura gani leo?"

Mzee akawatoa Dereva na Konda. Kabla hajaondoka akakigonga kijiti kimoja kwa kucha, akakisikiliza, akasema "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, na mpaka leo sijui alikuwa anashukuru nini.

Tukabaki wawili na plau lililosimama katikati ya mstari. Nusu ya shamba nyeusi, nusu ina majani.

Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi. Dada alikuwa amekaa juu ya kichuguu, miguu imepakwa tope hadi kwenye goti, anaangalia upande uliolimwa, halafu ule mwingine, halafu uliolimwa. Sikuweza kumsoma. Nilikuwa natembea huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Simu ikaita. Akaweka spika, mikono ilikuwa na matope.

"Mama Shija, umeshafikiria? Unafunga lini?"

"Nimelima."

Nyuma ya sauti ya shemeji ilisikika mashine ya kusaga mawe.

"Umelima na nini?"

"Na ng'ombe wa Mzee Mabula."

"Nani kawaongoza?"

"Shemeji yako."

"Yupi? Yule wa makala?" Akacheka kicheko kirefu. "Kawavuta yeye au wamemvuta wao?"

Dada hakucheka.

"Baba Shija, sikiliza. Nimelima mpaka kwenye kichuguu. Hiyo ni nusu, hiyo ni yangu, napanda kesho. Nusu ya pili ni yako. Nimekuachia."

"Mama Shija, sisi huku tumekaribia..."

"Mwamba hauna miguu, utaukuta. Udongo huu ukikauka hauingii jembe. Mimi siji huko. Nimebaki."

Akakata. Akaifuta simu kwenye kitenge, akanigeukia.

"Na wewe unazunguka nini? Kaoge, unanuka kama Konda."

Kesho yake tukapanda mtama, yeye na mimi. Nilikaa hadi nilipomchongea vijiti vingine vinne, vya mkole, mikato ya duara, nikavichomeka mwenyewe kwenye moshi. Kisu nikarudi nacho. Alinikatalia kukiacha, akasema nikikosa cha kushika Mama Neema atamlaumu yeye.

Sasa nawaandikia kwa sababu juzi mvua nyingine imenyesha, na asubuhi ya leo dada kanitumia ujumbe wa sauti.

Maduhu amekuja. Kashuka na begi moja, hakusema amekuja kukaa au amekuja kuona. Dada hakumuuliza. Kaamka alfajiri kaenda kwa Mzee Mabula kuomba ng'ombe, na Mzee kamjibu kwamba kuna watu mbele yake, asubiri zamu. Mtu aliyezoea kukaribia mwamba kila siku, sasa amekaa kwenye kichuguu, anaangalia nusu iliyoota na nusu isiyolimwa, anasubiri.

Nilichojifunza, wakuu. La ufundi: mkato uwe wa duara na usiwe wa kina, uzuri wa kwenye picha hauvuti plau. La maisha: ukiwa kwa mtu, usikichonge kijiti kabla hujauliza kinafanya kazi gani, hata kama kinakuomba. Na lile la mikono kutotulia, bado sijapata dawa, ila nikimfikiria Maduhu naona siko peke yangu.

Uwanja ni wenu. Watu wa Kishapu, Maswa na Meatu, mnatumia mti gani kwa vijiti vya nira zaidi ya mkole? Na mwenye uzoefu wa kukaa meza moja na shemeji aliyetoka machimboni, bila kumuuliza lile swali ambalo nyumba nzima inaliogopa, anipe mbinu mapema. Jumamosi naenda huko, naongoza ng'ombe tena, ila safari hii plau analishika yeye.